Barza ya Mizani

Kwanza hapakuwa na barza. Palikuwa na mizani,
chuma kilichofika Konde kwa gari la ng'ombe,
na sakafu ya saruji ikamwagwa kuizunguka,
hatua ishirini kwa kumi na nane,
ili karafuu ya mtu isimwagike mchangani
wala mchanga wa mtu usiuzwe kwa bei ya karafuu.

Hayo nimeyapata kwa bibi, na bibi hakuwa mtu wa kupamba.
Mengine nimeyaona mwenyewe.

Msimu ukija, sakafu ilikuwa yetu wanawake.
Majamvi, kandili katikati, vidole vyeusi.
Karafuu huku, makonyo kule,
na habari za mji zikipita mikononi mwetu,
nani kaposwa,
nani karudishwa kwao na kanga mbili tu,
nazo tukizichambua vilevile.
Msimu ukiisha, wanaume walirudi kukaa,
nasi tukapita ng'ambo ya njia, tumejitanda,
kama watu wasiopajua pahala pale.

Mizani ikang'olewa. Jina likabaki.
Ikaja redio ya Massoud fundi cherehani,
ambayo ilipofika matangazo ya vifo
hata kikohozi kiliomba ruhusa.
Likaja bao la mfenesi, kazi ya Shaame wa Kombo,
mashimo thelathini na mawili,
laini kama ndani ya kiganja.

Kisha zikaja siasa.
Sitozieleza. Anayezijua anazijua.
Nitasema tu kwamba kuna duka tuliacha kununua chumvi,
kuna pilau ya harusi iliyorudi na sufuria lake,
na jeneza la Bi Riziki
lilipita mbele yetu limeinama upande mmoja.

Mtu akapiga mstari wa chokaa katikati ya sakafu.
Huku birika, kule birika.
Ubishi wa bao ukakaa siku tatu,
hadi Shaame mwenyewe akaja na msumeno,
akalikata kwa urefu, kati ya safu ya pili na ya tatu,
kila upande akaupa safu zake mbili
na kete zake thelathini na mbili.
Akasema: "Haya. Chezeni."

Nilikuwa na miaka tisa, nimetumwa na chupa ya chai.
Naukumbuka unga wa mfenesi, manjano,
ukianguka juu ya chokaa.

Walijaribu, wallahi walijaribu.
Lakini kete ya bao huliwa ng'ambo,
na ng'ambo palikuwa na hewa tupu.

Mvua za masika ziliufuta mstari mwaka wa kwanza tu.
Hakuna aliyeuchora tena. Haukuhitajika.

Miaka ikenda. Alasiri moja karafuu imeanikwa,
yetu huku, ya kina Time kule,
wingu likaja bila hodi.
Tukakimbia sote na mafagio, na madebe, na makanga,
tukazoa tunachokiona.
Mvua ilipopita palikuwa na fungu moja.
Mama akaliangalia. Time akaliangalia.
Karafuu haina kadi ya chama.
Wakaitisha pishi, wakakaa chini kupimiana,
na hadi isha walikuwa bado wanapima,
polepole, kama wanaoogopa kumaliza.

Shaame alikwishakufa.
Mwanawe ndiye aliyezitafuta nusu mbili akazitia bawaba.
Hazikukutana sawasawa: moja ilikaa juani,
moja ilikaa uvunguni, kila moja imepinda kivyake.
Pana ufa wa kuingia kidole.
Kete ikidondoka humo mchezo husimama,
wachezaji wakainama kuitafuta
na kulaumu fundi.

Leo pana bati juu, na waya wa kuchajia simu.
Binti yangu huuliza: mizani iko wapi?

Na yupo Khatib Mwinyi, ambaye hajavuka.
Hukaa ng'ambo ya njia juu ya debe la mafuta,
uso kaupa ukuta.
Kahawa hupelekewa.
Hasemi ahsante.
Kikombe hurudi kitupu.