Weka Alama ya Vema

Fomu yako ina visanduku vingi, mwanangu.
Mimi sanduku langu nimekwisha kulilipia:
baht ishirini kila akifa mtu hapa kijijini,
nami zamu yangu ikifika watanichangia.
Kwa hiyo hilo lisikutie shaka. Uliza mengine.

Presha iko juu. Nesi anasema nipunguze chumvi.
Nikamwambia, miaka themanini na mmoja
nimeila, na kwenu sifa ya mzee si hiyo?
Sasa nipunguze ipi,
ya mchuzi wa samaki au ya miaka?
Akacheka. Akaandika mia na hamsini na nane.

Goti la kushoto limegoma kupigwa hekaluni.
Nakaa nyuma na akina Saengla,
safu nzima ya viti vyekundu vya plastiki,
na mtawa hutubariki bila kutazama miguu.
Lakini alfajiri nasimama.
Wali wa kunata nauviringa mwenyewe,
ungali unachoma vidole,
naudondosha katika bakuli lake.
Hapo andika: anaweza.

Kufua, anaweza. Kuchuchumaa, kwa kushika mlango.
Kugombana na Inta juu ya mpaka wa mchaichai,
anaweza sana.

Upweke?
Wirot wangu yuko Korea, anachomelea meli.
Pesa hufika tarehe tano, haijawahi kufika ya sita.
Songkran ya mwaka huu yeye hakufika.
Watoto wa jirani walinimiminia viganjani
maji ya asumini, wakainamisha vichwa,
nikawapa baraka niliyokuwa nimemwekea.
Ilikuwa kubwa kwao kidogo. Watakua.

Sikiliza hili, halina kisanduku.
Sisi wazee hutumiana maua kwenye simu kila asubuhi,
Jumatatu ya njano, Jumanne ya waridi,
Jumatano ya kijani.
Asiyetuma hadi saa mbili, mtu huenda kumtazama.
Jumatano moja kijani cha Inta hakikuja.
Nilipanda baiskeli, mimi, na goti hili,
njia nzima namsamehe,
shina moja moja la mchaichai namsamehe.
Nikamkuta kibarazani anakula papai.
Bando limeisha, ati.
Nilimtukana mpaka machozi yakanitoka,
naye akanikatia kipande, upande wenye utamu,
akaning'oa mbegu kwa ncha ya kisu.

Bado umeinua kalamu. Unataka neno moja:
kuzeeka kwa afya ni nini?
Sijui, mwanangu. Neno hilo mmekuja nalo nyinyi.
Huku tunaulizana tu, umekula?
na anayejibu bado, anapishwa jikoni.

Saa ngapi sasa? Mbili kasoro dakika tano!
Leo Alhamisi, ya machungwa.
Nipe hiyo simu hapo mkekani, haraka,
kabla mzee wa watu hajapanda baiskeli.