Wekundu Uliohama

Mgeni aliileta imeviringwa ndani ya bomba la plastiki.
Fremu nyeusi, akasema, kioo kisichomeremeta,
nitaipitia Ijumaa.
Nikaitandaza mezani hapa Gerezani,
kati ya gundi na unga wa mninga,
pembe nikazigandamiza kwa nati nne za lori.

Shujaa wa Kijapani. Mtu wa hadithini,
wa vitabu vilivyoazimwa nyumba kwa nyumba hadi vikaota nywele.
Kifua wazi, mgongoni maua na nyoka wa wino,
jambia kaling'ata, macho yamekutana puani kwa ghadhabu,
bega linavunja mlango wa ghala la mchele.
Mchele unamwagika. Kila punje ina mstari wake.

Vijana wa gereji ya jirani wakajaa mlangoni.
Huyu, akasema Shomvi, hata umkate mkono
utakufuata mkono wenyewe.
Wakamtafutia timu, wakampa jezi namba tano.

Likwena hakucheka.
Miaka ishirini na saba alichanganya rangi
kiwanda cha kanga, Ubungo.
Akavaa miwani yenye mguu wa uzi, akainama
mpaka nikahofia pumzi yake.
Shujaa hakumwona.
"Hapa," akasema, "wekundu umehama."

Kweli. Kwenye ngumi, upana wa unywele,
damu imetoka nje ya mstari wa mkono.
"Ubao wa nyeusi ulitangulia. Ukaja wa buluu, ukaja wa njano.
Huu wa mwisho, aliyeushika alikuwa amechoka.
Au karatasi ilikunywa maji.
Au aliitwa, akageuka."

Kwao doti kama hiyo ilitupwa kwenye robota la kasoro,
nao wakaigawana jioni.
Mkewe alijifungua watoto wanne
katika kanga zenye jina lililosomeka mara mbili,
kama mwenye kigugumizi.

Mchoraji ana jina lake, ndani ya kisanduku.
Mwuzaji ana muhuri.
"Na huyu?"
Likwena akaelekeza kidole, hakugusa,
pale ngumi na rangi yake zilipoachana.

Nilikuwa nimepima kadibodi iufiche ukingo wa chini
wenye doa, nusu ya dole gumba.
Nikapima upya.

Ijumaa mgeni akaigeuzageuza kwenye mwanga.
Umeacha uchafu, akasema.
Nikamwambia, bei ni ileile.