Kata ya Baba

Walikuja Jumamosi, nikipiga pasi sare za shule
za oda ya Bombolulu.
Baba mdogo Gona, shangazi Nyevu, ndugu yangu Tsuma,
na dumu la njano la tembo, lita tano,
limetoka Kaloleni asubuhi ile, bado linachemka ndani kwa ndani.
Mama alikaa kitako mkekani. Mimi nikabaki na pasi mkononi.

"Babako ana kiu," akasema Gona,
kama mtu anayekwambia umeme umekatika.
"Miezi kumi na minne udongoni, hajaonja kitu.
Wewe ndiwe kifungua mimba. Mkono wa kwanza kumwaga ni wako."

Nikasema, baba mdogo, mimi nilibatizwa.

"Hata yeye alibatizwa. Kanisa lilimpa Zakaria.
Lakini jino lilipomuuma usiku
alimwita mamaye, hakumwita Zakaria wa Biblia."

Shangazi hana maneno mengi.
Alichomeka moja tu, mkataa kwao mtumwa,
akainuka kuitafuta kata ya kifuu nyuma ya mlango.

Kata ile naijua.
Baba alichotea maji mtungini, akanywa nusu,
nusu akanimwagia miguuni
nikitoka shule Barsheba na vumbi hadi magotini.
Usidhani sikumpenda. Usidhani nilikuwa na jibu.
Nilikuwa na magoti yale yale, nayo yalitetemeka.

Sikumwaga.

Jumanne yake mtoto wa Tsuma akashikwa na degedege.
Simu ikalia usiku wa manane:
"Umefurahi sasa?"
Sikujua swali hilo huweza kuulizwa na mtu anayelia.
Nikavuka daraja la Nyali kwa bodaboda,
pesa ya oda nzima imo ndani ya sidiria,
nikakaa benchi la hospitali hadi alfajiri, naomba,
na katikati ya kuomba nikawaza:
na kama ni kweli? Na kama ni lile dumu?
Naliandika na hilo. Nikiliacha nitakuwa nimedanganya.

Tsuma alizipokea pesa kwa mkono wa kushoto.
Luvuno akafumbua macho Alhamisi, akaomba mahamri.
Daktari alisema malaria.
Gona alisema, ngojeni.

Jumapili mchungaji akaniita mbele.
"Dada Perisi ameishinda mizimu ya kwao! Njoo utoe ushuhuda!"
Kipaza sauti kilikuwa na jasho la kiganja chake,
vigelegele vimeshaanza.
Nikamwona mama safu ya mwisho,
leso imemfunika nusu ya uso.

Nikasema: Sina ushuhuda. Nina ndugu.
Mwombeeni Luvuno.
Nikarudi kuketi. Feni peke yake ndiyo iliyoendelea kusema.

Tangu hapo sialikwi.
Harusi ya binti Nyevu niliisikia kwa jirani,
nguo za wasimamizi walishonesha Kongowea,
na mimi fundi nipo Mtopanga, nyumba ya tatu kutoka kisimani.
Kanisani nako wapo wanaonitazama
kama chenji isiyotimia.
Bado naimba alto. Bado kila mwisho wa mwezi
namtumia Tsuma kitu kidogo kwa simu.
Hajibu. Lakini hakirudishi.

Jana joto la Februari lilitukalia kifuani.
Nilikuwa cherehanini, uzi umekatika mara ya tatu,
mama akaja kimya kimya na ile kata,
imejaa maji ya mtungi.

Nikaitazama. Akaniona nikiitazama.
Sijui mwisho aliishika nani,
wala ilimwaga nini, usiku gani, nami nimelala.

"Nimeiosha," akasema.

Nikanywa nusu.
Nusu nikammwagia miguuni.