Dawa ya Pengo

Nilifungua soda kwa meno.
Kidato cha pili, Kitangari, mahafali ya kaka,
wasichana watatu wakitazama.
Kifuniko kikaruka, na jino nalo.

Miaka kumi na mitatu nikaliacha pengo wazi.
Nani angeniambia kwamba meno yana tamaa ya ardhi?
Ukiacha kipande bila mti wala alama
jirani wa kulia anasogeza jembe hatua moja,
wa kushoto anamjibu kwa hatua yake,
na siku unayorudi kudai
shamba limebaki njia ya panya.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Nilisoma kilo nikiziba mdomo kwa kiganja,
wakulima wakaapa kuna kilo nameza.
"Toa mkono tuone namba zinavyotoka!"
alifoka Mzee Nampwapwa,
gunia lake likining'inia kwenye ndoano.
Msimu ule ule nikateremka Mtwara.

Kliniki ya Shangani, Daktari Nangumbi,
mwanamke mfupi wa Nachingwea, glovu za zambarau.
Aliinua picha ya taya langu dirishani:
"Unataka jino. Sina pa kuliweka.
Tuanze na waya, hawa wavamizi warudi kwao,
kisha ndipo nipande skrubu mfupani."

Nikamwambia, panda kwanza, tutanyoosha baadaye;
nimechoka na kiganja changu.

Akacheka, si kwa ubaya.
"Jino la kuzaliwa limelala kwenye nyuzi laini,
ukilibembeleza linakwenda.
Hili la titani likishashikana na mfupa
halibembelezeki.
Nikilipanda pasipo pake
litabaki pasipo pake, nawe utazeeka nalo."

Malipo ya kwanza ya mnada yakaingia kwenye waya.
Usiku wa kukazwa, taya lilivuma kama mashine ya salfa,
nikala uji, nikala mumunye,
nikamchukia kila mtu aliyetafuna muhindi.

Bibi alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga.
"Nani kakutia lijamu, mjukuu wangu?"
Yake yalichongwa ncha, kwa patasi, asubuhi moja,
bila ganzi, na jioni akala muhogo.
"Sisi tulipunguza ili tupendeze,
nyie mnafunga ili mpendeze.
Mdomo wa mtu haujapata kuachwa ukae ulivyo."
Akanyamaza, kisha akanirushia ile ya wahenga:
jino la pembe si dawa ya pengo.
"Si pembe, bibi, ni titani."
"Kwani nimekusemesha habari ya pembe?
Nimesema pengo."

Mwezi wa kumi na sita nafasi ikatimia.
Daktari aliipima kwa kijiti cha chuma,
akaipima tena, akaguna.
Malipo ya pili yalikuwa yamechelewa, nikauza pikipiki.
Ganzi, muungurumo wa keekee ndani ya fuvu,
ladha ya damu na ya sarafu.
"Sasa subiri. Mfupa hausukumwi."

Nikasubiri. Mikorosho yangu ishirini na tisa
ikatoa maua, ikapigwa dawa, ikaangusha mabibo,
na chini ya fizi, gizani,
kitu kisicho changu kilikuwa kinakubaliwa
polepole, bila kikao, bila muhtasari.

Siku ya kwanza ya kupima, mkono ulibaki kwenye kalamu.
"Themanini na mbili, Mzee Nampwapwa."
Akanikodolea mdomo, si mizani.
"Rudia."
Nikarudia. Akakuna shingo.
"Mwaka jana ungesema themanini."

Yamepita majira mawili.
Natafuna upande wowote, nacheka nikitaka.
Ila usiku, nikikaribia kusinzia,
ulimi bado huondoka peke yake kwenda kukagua,
unakuta ukuta, unapapasa,
unarudi.
Haujaamini.