Njia ya Saba

Kichupa kimeandikwa: protini ya maji ya maziwa,
ng'ombe, safi, gramu moja.
Unga mweupe, ukipiga chafya umepotea.
Bei yake, ndama.

Kule Mvumi maziwa yakiganda
Mama aliinamisha kibuyu,
yakatangulia yale maji, rangi ya majani makavu,
akammiminia mbwa.
Maji yakimwagika hayazoleki, tuliambiwa.
Haya yamezoleka, Mama.
Yamechujwa, yamekaushwa, yamepanda ndege,
yamerudi Dodoma kwenye barafu
na risiti.

Nayeyusha chembe, natia tone la buluu,
nadondosha kwenye kishimo cha kwanza cha jeli.
Hii ndiyo rula yangu.
Umeme ukipita, protini zote hukimbia,
nyepesi mbele, nzito nyuma,
na hii husimama palepale kila siku,
haizidi, haipungui,
mradi tu umeme usikatike kabla ya saa tisa.

Vishimo sita vinavyofuata: akina mama sita
waliokamua kwa ajili ya watoto njiti.
Maziwa ya mwanamke hayana protini hii.
Muumba alimpa ng'ombe, sisi akatunyima,
sijui kwa nini. Kitabu nacho hakijui.

Naosha jeli. Buluu inafifia taratibu
kama wino kwenye shati la shule.
Ya pili, safi. Ya tatu. Ya nne.
Ya tano na ya sita, safi.
Ya saba:
mstari.
Umekaa sambamba na rula,
mnene, kama mtu aliyekosea nyumba
na bado akaketi.

Sampuli ya Mbeleje wa Hombolo,
anayemkamulia mtoto wa marehemu dada yake.
Kilo moja na robo, yule mtoto.
Kwenye fomu kuna nafasi ndogo: Maoni.
Neno linalotosha pale lina herufi sita,
Uongo, na nukta.

Nilirudia kipimo. Nilibadili jeli.
Ng'ombe hakuondoka.

Nikaandika matokeo kama yalivyo,
maana tumbo la kilo moja na robo halijui huruma yangu.
Kisha nikapiga simu.
Iliita sana. Nyuma yake nilisikia ndama,
na mtu akimfukuza.
"Mbeleje, ni mimi, wa maabara."
Kimya.
Sikumuuliza ya ng'ombe.
"Jana," nikasema, "wewe mwenyewe
ulikula nini?"