Jozi

Mti ulianguka Januari, usiku wa upepo,
nyuma ya nyumba ya Bi Tranter, Ludlow, njia ya kushukia mto Teme.
Miaka miwili sasa mbao zake zimelala ghalani kwetu
zimepangwa vilevile zilivyotoka msumenoni,
vijiti katikati ili zipumue,
chaki ubavuni: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja.
Preece haruhusu mtu kuzichanganya.
"Huu bado ni mti," husema, "ila una nafasi ndani yake."

Mjozi. Kwa lugha yangu tunda lake ni jozi,
na jozi pia ni viwili vinavyokwenda pamoja:
viatu, hereni, ng'ombe wa kulimia.
Nilimweleza Preece tukinywa chai. Akaweka kikombe chini.
"Nani aliwaambia?" akauliza,
kana kwamba siri ya karakana yake imevuja.

Leo tunachagua milango ya kabati.
Nachukua ubao wa nne na wa tano, majirani,
nazifungua kama kitabu:
nyuso zilizotazamana gizani sasa zinatazama dari.
Kitambaa, spiriti kidogo, napangusa,
na rangi inapanda, kahawia, uzi mmoja wa zambarau,
mistari inakutana katikati
kama paa la nyumba, paa juu ya paa juu ya paa.
Karibu sawa.
Karibu.
Maana msumeno ulipopita ulikula haki yake,
milimita tatu, unga uliokwisha fagiliwa,
na ndani ya milimita tatu mti ulikuwa umebadili nia.
Paa la kushoto limechongoka. La kulia lina bega.
Nasogeza juu unywele mmoja. Nasogeza chini.
Nafumba jicho.

Tanga, kwa fundi Shemdoe, hatukufanya hivi.
Mninga ulikuja vipande, kila ubao na mama yake,
tulichopatanisha ni vipimo.
Mteja akilalamikia rangi, fundi alipaka vanishi ya pili.
Sikumcheka wakati ule, na simcheki sasa;
milango yake inafungika hadi leo.

Ubao wa sita una doa, buluu iliyokaribia weusi,
refu kama mkono wa mtoto.
Msumari ulisahaulika humo, kutu ikalia ndani ya utomvu.
Preece alishautupa kwenye rundo la migongo na sakafu za droo.
Bi Tranter, aliyepita kuona tu, glavu mkononi,
akauinamia.
"Kamba ya nguo," akasema.
"Edwin aliupigilia juu mno. Sikuwahi kuufikia."
Hakusema uwekwe wapi. Akacheka kidogo, akauliza bei ya bawaba.

Alipoondoka tulinyamaza, kila mtu na penseli yake.
Kisha Preece akautoa ubao wa sita rundoni
akaulaza kando ya wa saba.
Wa saba una kivuli tu cha lile doa,
kama wino uliovujia upande wa pili wa karatasi.
Si pacha. Chanda na pete labda,
pete yenyewe ikiwa imelegea.

Napiga randa. Kushoto inateleza, nyuzi zinalala.
Kulia inang'oa, nyuzi zimegeuka;
kilichofunguliwa kama kitabu
hakisomwi chote kutoka upande mmoja.
Nanoa upya. Nahamisha miguu. Naenda kinyume,
polepole, nikisikiliza.

Na kuna nuru. Hili hakuna aliyenifundisha.
Saa kumi, dirisha la magharibi,
mlango wa kushoto ni giza, wa kulia ni asali.
Nazunguka meza: imebadilishana.
Nazunguka tena.
Preece anauliza nimepoteza nini.
"Hakuna," nasema,
na narudi upande wa kushoto
kuhakikisha.