Pipa la Sifa

Nyuma ya nyumba yetu, Matondoni,
palikuwa na pipa lisilo na kifuniko,
na ndani yake maini ya papa
yakiyeyuka yenyewe kwa jua,
siku ya tatu, siku ya nne,
mpaka nzi wakachoka.
Baba alisimama na upawa
akiengua mafuta ya manjano
taratibu, kama mtu anayeengua tui.

Mafuta hayo huitwa sifa.
Ndiyo, sifa: neno lile lile.
Nilipokuwa mdogo nilidhani
msikitini wanalitaja pipa letu.
Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, wakisema,
nami nikijiuliza, Mungu ana vyombo vingapi
vya kupaka?

Shuleni halikuwa jambo la kuchekesha.
Hafswa wa Mkomani alivuta dawati lake,
akaziba pua kwa ncha ya ushungi:
"Binti Shekuwe kaja na shombo lake."
Nikasugua mikono kwa ndimu, kwa majivu,
kwa sabuni ya mche, hadi ngozi ikawasha.
Baba akanikuta kisimani.
"Nana," akasema, "sifa haitoki kwa mayi.
Hutoka mtu, sifa ikasaa."

Nilihama kwa sababu ya harufu. Watu wengine
huhama kwa sababu nzuri zaidi.

Chuoni Malindi, Jumatano, kipindi cha pili,
mwalimu Karisa akachora ubaoni
mnyororo mrefu, kaboni thelathini,
umepindapinda kama kamba iliyotupwa sakafuni.
"Hii ni skwalini," akasema.
"Katika zeituni imo, kidogo. Katika ini la papa, tele.
Na ini lako wewe huisuka usiku na mchana,
huikunja, huifanya kolesteroli,
na humo hutoka nyongo, hutoka homoni,
hutoka ukuta wa kila seli.
Nyingine ngozi hujitengenezea, hujipaka.
Gusa kioo: katika ule ukungu wa kidole, imo."

Darasa zima likaandika.
Mimi nikanusa viganja vyangu.

Sasa napima damu za watu hapa Lamu.
Mwezi uliopita Hafswa aliingia, amefunga tangu usiku
kama alivyoagizwa, uso umemshuka.
Nikakishika kidole chake,
nikakifuta kwa spiriti, na pamba ikaondoka
na sifa yake kidogo. Sikumwambia.
"Hii kolesteroli," akauliza, "haiwezi kuniisha kabisa?"
"Ikikuisha yote," nikasema, "utabaki huna ukuta."
Akacheka. Nikamchoma.

Baba hakujua kuandika.
Kwenye hati ya kiwanja yupo: gumba la wino wa zambarau,
limepotoka kidogo, kama alivutwa mkono.
Lakini silo hilo ninalolitazama.
Sebuleni kuna saa ya ukutani ya kutia ufunguo.
Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuoga,
alifungua mlango wake wa kioo kwa gumba,
pale pale, miaka arubaini.
Vumbi limeshika mafuta, mafuta yameshika mistari:
duara ndani ya duara, na kovu la ndoana katikati.

Najua imekwisha kuungana na hewa.
Najua nyingi yake si skwalini tena;
nikiipeleka maabara, mashine itaniambia jina jingine.

Mkesha wa Idi mama alikuja na kitambaa chenye siki.
Alikuwa amekwisha kufuta kabati na chano za shaba.
Nikamshika mkono. Hakuuliza.
Alisogea, akaendelea na dirisha.

Pipa sasa linateka maji ya mvua ya kuku.
Saa bado yaenda, huchelewa dakika sita.
Ijumaa naitia ufunguo mimi,
na mlango naufungua kwa kifundo cha kidole, upande wa chini,
nisije nikaweka sifa yangu
juu ya yake.